Uzi maalumu: Mirija ya nyongo ikiziba. Dalili, vipimo, matibabu, na makosa yanayogharimu maisha

Mfereji Mkuu · #1

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu kwa sababu mtu akionekana na macho ya manjano, neno la kwanza midomoni mwa watu ni "homa ya ini", na dawa zinaanza kabla hajaulizwa kama njia ya nyongo iko wazi. Ini linaweza kuwa zima kabisa, tatizo likawa kwenye bomba linalotoka ndani yake. Matibabu ya hayo mawili hayafanani. Homa ya manjano nayo ni jambo la tatu, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, tusiuchanganye humu.

Ramani kwanza. Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo huanzia kwenye vijirija visivyoonekana kwa macho, vinaungana kama vijito hadi kubaki mirija miwili, wa kulia na wa kushoto, inayokutana mlangoni mwa ini. Hapo unatoka mmoja. Kifuko cha nyongo kinaning'inia pembeni kwa shingo yake na hubeba mililita 30 hadi 50 tu: ni ghala, kiwanda ni ini. Kuanzia shingo hiyo inapoungana, tunauita mrija mkuu wa nyongo. Una urefu wa sentimita 7 au 8, na upana wake wa ndani kwa kawaida hauzidi milimita 6. Unapita nyuma ya duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, unapenya kichwa cha kongosho, unakutana na mrija wa kongosho, kisha yote miwili inamwaga kupitia kilango kimoja chenye msuli unaofunga na kufungua.

Ukiishika ramani hii, mengi yanajieleza. Uvimbe kwenye kichwa cha kongosho unamfanya mtu awe wa manjano kwa sababu mrija unapita humo humo. Kijiwe kidogo kikikwama kwenye kilango kinaweza kuwasha moto kwenye kongosho, kwa sababu mlango ni mmoja.

Sasa rangi. Nyongo ikizuiwa, bilirubini (rangi ya manjano itokanayo na damu iliyovunjika) ambayo ini limekwisha kuiandaa hurudi kwenye damu. Hiyo inayeyuka katika maji, kwa hiyo figo huitoa na mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Utumboni haifiki, kwa hiyo choo kinapauka kama udongo wa kufinyangia. Mwili unawasha, hasa viganja na nyayo, na usiku huzidi. Mtu ambaye damu yake inavunjika haraka naye huwa na macho ya manjano, lakini choo chake kina rangi kamili na kwa kawaida hawashwi. Maswali matatu tu, mkojo, choo na muwasho, yanakuonyesha upande wa kwenda hata kabla ya kipimo chochote.

Jambo la nne ni homa. Umanjano bila homa unakupa siku kadhaa za kuchunguza. Umanjano wenye homa na mtetemeko wa baridi unakupa saa. Nitarudi hapo.

---

Chumba cha Damu · #2

Uzi umekuja wakati wake, mkuu. Naongezea upande wa maabara.

Macho huanza kuonyesha manjano bilirubini ikifika takriban miligramu 2 hadi 3 kwa desilita, yaani maikromoli 34 hadi 51 kwa lita. Watu ambao weupe wa macho yao una ukahawia kiasi huchelewa kugunduliwa, kwa hiyo angalia sehemu ya juu ya weupe wa jicho huku mgonjwa akitazama chini, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya njano ya chumbani hudanganya.

Omba bilirubini ya jumla pamoja na ile ya moja kwa moja, yaani ambayo ini limekwisha kuiandaa. Ya jumla peke yake haikusaidii kujua njia imeziba au la. Kisha linganisha vimeng'enya vya ini kwenye damu. ALT na AST zikipanda sana huku ALP ikiwa imepanda kidogo, seli za ini ndizo zinaumia. ALP na GGT zikiongoza, fikiria mirija. Hesabu yenyewe ni hii: gawa ALT ya mgonjwa kwa kikomo cha juu cha kawaida, fanya hivyo hivyo kwa ALP, halafu gawa jibu la kwanza kwa la pili. Chini ya 2 ni mirija, juu ya 5 ni seli za ini, katikati ni mchanganyiko.

Mitego ipo. Jiwe linapokwama ghafla, siku ya kwanza ALT inaweza kuruka hadi mamia, wakati mwingine kupita elfu, na mtu akaandikiwa homa ya ini ya virusi. Rudia baada ya saa 48: kama ni jiwe lililosogea, ALT inaporomoka haraka kuliko virusi vingeruhusu. ALP huchelewa kupanda kwa sababu ini lazima liitengeneze kwanza. ALP pia hutoka kwenye mifupa na kondo la nyuma, kwa hiyo kijana anayekua na mjamzito watakuwa nayo juu bila ugonjwa wowote wa nyongo. GGT ikiwa ya kawaida, ALP hiyo huenda haikutoka kwenye ini.

Na wanaochukua sampuli: bilirubini huharibiwa na mwanga. Tyubu ikikaa dirishani, jibu linatoka chini kuliko ukweli. Ifunike au ipelekwe mara moja.

Msisahau kipimo cha kuganda kwa damu, INR. Vitamini K huyeyuka kwenye mafuta, na bila nyongo utumbo hauinyonyi. Mtu aliyeziba kwa wiki kadhaa anaweza kutoka damu mezani kwa mpasuaji. Vitamini K miligramu 10 kwa mshipa, taratibu, na INR ikirekebika ndani ya siku moja hivi, ni ishara kwamba ini lenyewe bado lina nguvu. Isiporekebika, ini nalo limeathirika.

---

Mawimbi · #3

Upande wa picha.

Ultrasaundi ndiyo ya kwanza, bila ubishi. Mgonjwa asile kwa saa 6 ili kifuko kijae; maji matupu anaweza kunywa. Tunatafuta vitu viwili tofauti na ripoti ivitaje vyote: je, mirija imetanuka, na kwa sababu gani? Kwa swali la kwanza ultrasaundi ni nzuri. Mirija ya ndani ya ini kwa kawaida haizidi milimita 2. Ikitanuka, inaonekana sambamba na tawi la mshipa wa damu kama mtutu wa bunduki yenye matundu mawili. Washa Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu kwa rangi: penye rangi ni damu, pasipo rangi ni nyongo.

Kwa swali la pili ni dhaifu, hasa mwisho wa chini wa mrija mkuu, kwa sababu gesi ya duodeni inaziba njia ya mawimbi. Kumgeuza mgonjwa ubavu na kumnywesha maji husaidia. Lakini ripoti ikisema "hakuna jiwe lililoonekana", isisomwe kama "hakuna jiwe". Hayo ni maneno mawili tofauti, na wagonjwa wengi hupotea katikati yake.

Kifuko pia hukuambia mahali. Kimevimba na mrija mkuu umetanuka: kizuizi kiko chini. Mirija ya ndani imetanuka ila kifuko kimesinyaa: kizuizi kiko juu, karibu na mlango wa ini. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Courvoisier, aliliona hilo kwa mikono tangu 1890: manjano pamoja na kifuko kilichovimba kisichouma, sababu mara nyingi si mawe, kwa kuwa kifuko chenye mawe ya siku nyingi hukakamaa na hakitanuki. Fikiria uvimbe.

Aliyewahi kutolewa kifuko anaweza kuwa na mrija wa hadi milimita 10 na akawa mzima. Wazee nao mrija hupanuka kidogo kidogo.

Hatua inayofuata ni MRCP, picha ya sumaku inayofanya majimaji yote yang'ae meupe. Haina mionzi wala rangi ya kuchoma mshipani. Jiwe linaonekana kama tundu jeusi ndani ya weupe, ila kiputo cha hewa nacho huonekana hivyo. Vijiwe vya chini ya milimita 5 vinaweza kuikwepa. Hapo ultrasaundi ya ndani, inayopitishwa kwa endoskopia hadi duodeni, inaona vizuri zaidi. CT skani ni ya uvimbe na kusambaa kwake. Kwa mawe ya kolesteroli msiitegemee, mengi hayaonekani.

---

Zamu ya Usiku · #4

Mkuu Mfereji, uliahidi kurudi kwenye homa. Waeleze watu kwa nini antibiotiki peke yake haitoshi.

---

Mfereji Mkuu · #5

Ahsante kwa kunikumbusha.

Nyongo inayotiririka huwa karibu haina vijidudu. Ikisimama, bakteria wa utumboni, E. coli na Klebsiella mbele, enterokoki nyuma yao, hupanda na kuzaliana. Huo ndio uambukizo wa mirija, kolanjaitisi ya ghafla. Presha ya kawaida ndani ya mrija ni kama sentimita 7 hadi 14 za maji. Ikipita takriban 25, nyongo na bakteria husukumwa kurudi nyuma kuingia kwenye damu. Ndiyo maana mgonjwa anatetemeka hadi kitanda kinagonga, kisha presha ya damu inashuka. Na presha hiyo hiyo ya mrija inaizuia dawa kuingia kwenye nyongo. Unamwaga antibiotiki kwenye damu, usaha umefungiwa kwenye bomba. Lazima bomba lifunguliwe.

Dalili tatu alizozieleza daktari Mfaransa Charcot mwaka 1877 ni homa ya mtetemeko, maumivu chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo, na umanjano. Reynolds na mwenzake waliongeza mbili mwaka 1959: presha kushuka na akili kuchanganyikiwa. Usisubiri zote. Wagonjwa wengi hawaonyeshi hata zile tatu kwa pamoja, na mzee anaweza kuja na kuchanganyikiwa tu bila maumivu yoyote.

Mpangilio wa kazi ni huu. Mshipa ufunguliwe, damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kabla ya dawa, ila kama mgonjwa yuko kwenye mshtuko dawa isicheleweshwe kupita saa moja kwa kungoja chupa. Dripu. Asile. Antibiotiki inayofika kwenye mirija: mara nyingi ni seftriaksoni gramu 1 hadi 2 kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8, au piperasilini na tazobaktamu kwa aliye mahututi, kwa kufuata usugu uliopo hospitalini. Pima mkojo kila saa. Mkojo ukipungua, figo zimeanza kuguswa, na hapo daraja la ugonjwa limebadilika.

Kufungua bomba: aliye kwenye mshtuko, ndani ya saa 12 na mapema zaidi ikiwezekana. Wa kati, siku mbili hadi tatu. Mwepesi anayeitikia dawa anaweza kupangiwa. "Wa kati" humaanisha angalau mawili kati ya haya: seli nyeupe juu ya 12,000 au chini ya 4,000, homa ya 39 au zaidi, umri wa miaka 75 na kuendelea, bilirubini ya miligramu 5 kwa desilita au zaidi, albumini (protini ya damu) iliyoshuka. Hayo ni ya mwongozo wa Tokyo wa 2018, na yanafaa kubandikwa ukutani wodini.

Bomba likishafunguka vizuri, antibiotiki ya siku 4 hadi 7 hutosha. Kuendelea wiki tatu bila kufungua ni kupoteza wiki tatu.

Angalizo moja: seftriaksoni hutoka kwa wingi kupitia nyongo na inaweza kuungana na kalsiamu ikafanya tope. Na mtoto mchanga mwenye manjano asipewe kabisa. Inaisukuma bilirubini itoke kwenye albumini.

---

Jicho la Pembeni · #6

Nachukua ERCP, yaani kamera inayopitishwa hadi duodeni ili kufungua mrija wa nyongo, kwa kuwa wengi huisikia kama "kamera ya kawaida" na kushangaa kupewa fomu ya ridhaa ndefu.

Kamera ya tumbo ya kawaida hutazama mbele. Hii hutazama ubavuni, kwa sababu kilango kiko kwenye ukuta wa ndani wa duodeni. Mgonjwa anafunga saa 6 hadi 8, dawa za kuyeyusha damu zinapangwa mapema na daktari aliyeziandika (mgonjwa asizikate mwenyewe), INR inapaswa kuwa chini ya 1.5 kama kuna mpango wa kukata. Analala kifudifudi au ubavu, anapewa dawa ya usingizi. Kamera ikifika, waya mwongozo unaingizwa kwenye mrija wa nyongo, rangi ya eksirei inasukumwa, picha inapigwa. Kisha msuli wa kilango unakatwa kwa waya wa umeme, milimita chache kuelekea saa 11 hadi 12 ukitazama kama uso wa saa. Ukataji huu ulianza 1974, Ujerumani na Japani karibu wakati mmoja. Puto dogo linapandishwa juu ya jiwe, linajazwa, linavutwa chini na jiwe linaanguka utumboni. Jiwe likizidi milimita 15 hivi, halipiti tu. Kilango kinatanuliwa kwa puto kubwa au jiwe linavunjwa kwanza.

Mgonjwa akiwa mahututi, usihangaike na jiwe. Weka stenti (kijibomba cha kuiacha njia wazi), nyongo ishuke, toka. Jiwe litamngoja akiwa hai.

Shida kubwa ni kongosho kuvimba, kati ya wagonjwa 3 hadi 10 katika kila 100. Kutokwa damu na kutoboka ni nadra zaidi. Diklofenaki au indometasini miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa, wakati wa kipimo, hupunguza hatari hiyo. Ni dawa ya bei ndogo na bado husahaulika. Wenye figo mbovu au mzio wasipewe. Maumivu makali ya chembe ya moyo yanayochoma hadi mgongoni siku hiyo au kesho yake: pima lipesi (kimeng'enya cha kongosho), usimpe kidonge cha gesi ukamruhusu.

Kwa hatari hiyo, ERCP ni ya kutibu. Anayeitaka "ili tuone" apelekwe MRCP.

Na mawe yakishatolewa kwenye mrija, kifuko kilichoyazaa bado kipo. Kisipotolewa, yatashuka mengine. Ikiwezekana kifuko kitolewe kwenye kulazwa huko huko, au ndani ya wiki mbili.

---

Swali la Mchana · #7

Wakuu, kwenye mitandao kuna "kusafisha nyongo": mtu anakunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku, asubuhi anatoa mawe ya kijani laini kwa makumi. Hayo ni mawe kweli?

---

Chumba cha Damu · #8

Siyo, ndugu. Ni sabuni. Mafuta mengi yakikutana na vimeng'enya vya tumbo na potasiamu ya maji ya limau hutengeneza vidonge laini vinavyoelea, na rangi ya kijani hutoka kwenye nyongo. Yamechunguzwa maabara: hayana kolesteroli wala bilirubini wala kalsiamu ya jiwe la nyongo. Yanayeyuka yakipashwa joto kidogo. Jiwe la kweli halifanyi hivyo.

Hatari yenyewe ni hii: mafuta mengi kwa mkupuo hulifanya kifuko libane kwa nguvu. Mwenye mawe halisi madogo anaweza kuyasukuma hadi kwenye mrija mkuu, yakakwama kwenye kilango. Mtu alikuwa na mawe yaliyolala kimya, anaamka na kongosho linalowaka.

---

Wodi ya Wachanga · #9

Naomba nafasi kidogo kwa watoto, maana hapa muda unapotea kuliko popote.

Mtoto aliyetimiza miezi akiwa bado wa manjano siku ya 14, au njiti siku ya 21, apimwe bilirubini ya moja kwa moja. Siyo kuangaliwa kwa macho, siyo kuambiwa "ni maziwa ya mama, yataisha". Ikizidi miligramu 1 kwa desilita, si manjano ya kawaida ya wachanga na ni lazima itafutwe sababu. Sababu tunayoiogopa zaidi ni atresia ya mirija: mirija ya nje ya ini inanyauka na kufungwa na makovu katika wiki za kwanza za maisha.

Kinachowapoteza watu ni kwamba mtoto huyo ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, anacheka. Mkojo wake unatia rangi nepi, wakati mkojo wa mchanga unapaswa kuwa karibu hauna rangi. Choo kinapauka, wakati mwingine kidogo kidogo, siku za mwanzo kikiwa bado na rangi. Nchi ya Taiwan ilianza kutumia kadi ya rangi za choo nchi nzima mwaka 2004: mzazi analinganisha choo na picha. Bila kadi, fungua nepi kwenye mwanga wa mchana, upige picha, uonyeshe. Njano, kijani, kahawia ni salama. Nyeupe, kijivu, au krimu iliyopauka ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kumwanika juani hakusaidii. Taa ya bluu pia haisaidii aina hii ya bilirubini, na inaweza kuibadilisha ngozi ikawa ya kijivu-kahawia.

Upasuaji ni wa Kasai, uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950. Mirija iliyokufa inaondolewa, kipande cha utumbo kinapandishwa na kushonwa mlangoni mwa ini ili vijirija vidogo vilivyobaki vimwage humo. Ukifanywa kabla ya siku ya 60, nafasi ya nyongo kutiririka ni kubwa zaidi. Kila wiki inayopita inaipunguza, maana ini linaendelea kuota makovu. Bila upasuaji, wengi hawafiki mwaka wa pili. Hata baada ya Kasai, wengi huja kuhitaji ini la kupandikizwa, ila wanalihitaji wakiwa wamekua.

Baada ya upasuaji, homa yoyote ni uambukizo wa mirija hadi ithibitike vinginevyo. Vitamini A, D, E na K za ziada ni za lazima, pamoja na maziwa yenye mafuta ya minyororo ya kati ambayo hunyonywa bila kuhitaji nyongo.

Mtoto mwingine wa kumkumbuka ni mwenye kivimbe cha kuzaliwa kwenye mrija. Wasichana ni wengi kuliko wavulana. Kivimbe kinaweza kujificha hadi ukubwani. Dawa yake ni kukiondoa chote na kuunganisha mrija na utumbo. Kukitoboa tu ili kimwage kunaacha ukuta ambao baadaye unaweza kugeuka saratani.

---

Mtaalamu wa Ini · #10

Dada wa Wodi ya Wachanga amemaliza kazi, sina la kuongeza hapo. Niingie kwenye mirija inayoharibika yenyewe bila jiwe.

PBC (kwa Kiingereza primary biliary cholangitis): kinga ya mwili hushambulia vijirija vidogo ndani ya ini. Kwa wastani kati ya wagonjwa 10, wanawake ni 9, wengi wa makamo. Huanza na uchovu na muwasho, manjano huja mwishoni. Kwa kuwa mirija mikubwa haijaguswa, ultrasaundi inatoka safi, na mgonjwa huzungushwa kwa madaktari wa ngozi kwa miaka. ALP iliyo juu kwa miezi 6, ikiwa na kingamwili AMA ambayo hupatikana kwa takriban 95 kati ya 100, inatosha bila kukata kipande cha ini. Zamani jina lake lilikuwa na neno sirosisi, yaani ini kujaa makovu. Mwaka 2015 jina lilibadilishwa kwa sababu wengi hugunduliwa kabla ya kufika huko, na neno lile lilikuwa linawavunja moyo bure.

Dawa ni asidi ya ursodeoksikoliki, miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni 780 hadi 900. Nimeona mara nyingi dozi ya 300 kwa siku ikiandikwa kwa mtu mzima. Hiyo haifanyi kazi, na baadaye inasemwa "dawa imeshindwa". Pima ALP tena baada ya miezi 6 hadi 12. Ambao hawaitikii wana dawa za mstari wa pili, zikiwemo elafibranori na seladelpari zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2024.

PSC (primary sclerosing cholangitis) ni mwingine kabisa, ingawa herufi zinakaribiana. Hapa mirija mikubwa na midogo huota makovu, inabana na kutanuka kwa zamu, MRCP inaonyesha kama shanga kwenye uzi. Wanaume ni wengi zaidi, na takriban 7 kati ya 10 wana ugonjwa wa kuvimba utumbo mpana, hata bila kuhara. Kwa hiyo kolonoskopia (kamera ya utumbo mpana) ifanywe siku ya kugunduliwa, na kila mwaka kwa wenye ugonjwa huo wa utumbo, maana saratani ya utumbo na ya mirija zote zinawanyemelea. Hakuna kidonge kilichothibitika kuusimamisha. Ursodeoksikoliki ya dozi kubwa, 28 hadi 30 kwa kilo, ilijaribiwa na ikaongeza madhara. Sehemu iliyobana ghafla hutanuliwa kwa puto; mwisho wa safari ni kupandikiza.

Kabla ya kumwambia mtu ana PSC, pima kingamwili ya IgG4. Kuna ugonjwa unaofanana nao kwa picha lakini unayeyuka kwa predinisoloni. Na mwenye VVU ambaye seli za kinga za CD4 zimeshuka chini ya 100, kubana kwa mirija mara nyingi kunatokana na vijidudu kama kriptosporidiamu. Tiba yake kuu ni dawa za kufubaza virusi.

Muwasho: kolestiramini gramu 4, hadi 16 kwa siku. Inanasa pia dawa nyingine, kwa hiyo dawa zote zipishane nayo kwa saa 4. Wengi huimeza pamoja na ursodeoksikoliki na kuzifuta zote mbili. Ikishindwa, rifampisini 150 hadi 300 mara mbili kwa siku, ini likifuatiliwa. Vidonge vya mzio humlaza tu. Muwasho huu hautokani na histamini.

---

Kisu Kikali · #11

Mawili ya upasuaji.

La kwanza, mrija kukatwa kwa bahati mbaya wakati wa kutoa kifuko kwa matundu. Hutokea kwa takriban wagonjwa 3 hadi 6 katika kila 1,000. Chanzo kikubwa ni macho: ukikivuta kifuko vibaya, mrija mkuu unajipanga ukafanana na shingo ya kifuko. Kinga ni kutokata chochote hadi uone mambo matatu: pembetatu iliyo kati ya shingo ya kifuko, mrija na ini imesafishwa mafuta yote, theluthi ya chini ya kifuko imeachana na ini, na ni vitu viwili tu vinavyoingia kwenye kifuko. Ukishindwa kuyaona kwa sababu ya uvimbe, acha sehemu ya kifuko ndani, au weka mrija wa kukimwaga na utoke. Mgonjwa ambaye siku ya 2 hadi ya 5 tumbo linajaa, ana homa, hataki kula, anavuja nyongo hadi ithibitike vinginevyo. Na aliyekata asikimbilie kuunganisha mwenyewe: weka bomba la kumwaga, toa antibiotiki, mpeleke kwa wanaofanya kazi hiyo kila wiki. Uunganishaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri kuliko wote.

La pili ni saratani ya mirija. Huja na manjano yasiyouma, uzito kushuka, muwasho. Kipimo cha damu cha CA 19-9 juu ya 37 kisimtishe mtu peke yake, maana kuziba kwenyewe hukipandisha. Fungua bomba kisha upime tena. Na kuna watu ambao kwa maumbile hawaitengenezi kabisa, kwa hiyo ikiwa chini haimtoi mtu kwenye shaka. Kama uvimbe unaweza kukatwa, picha zote zipigwe kabla ya stenti, kwani stenti huleta uvimbe wa kawaida unaovuruga ramani. Baada ya kukata, dawa ya saratani kapesitabini kwa miezi 6. Usiokatika hutibiwa kwa jemsitabini na sisplatini, na tangu 2022 durvalumabu huongezwa.

Kaskazini mashariki mwa Thailand saratani hii ni nyingi kuliko popote duniani, kwa sababu ya minyoo bapa ya ini, Opisthorchis viverrini, inayoingia kwa samaki wabichi wa maji baridi na kuishi miaka mingi ndani ya mirija. Prazikwanteli huiua. Ila aliyetibiwa akirudia samaki mbichi, anaambukizwa upya.

---

Zamu ya Usiku · #12

Kwa kuwa stenti zimetajwa mara nyingi: nani anampa mgonjwa maelezo ya nyumbani? Wanaorudi na homa mara nyingi wanasema hawakuambiwa kwamba ina muda wake.

---

Jicho la Pembeni · #13

Hilo ndilo pengo linaloniuma, dada.

Stenti ya plastiki inaziba. Utando wa bakteria na tope la nyongo huijaza, na miezi 3 ndiyo kikomo cha kuitoa au kuibadilisha. Ya wavu wa chuma ina tundu pana, milimita 10 hivi, hukaa miezi 6 hadi 12 au zaidi kutegemea uvimbe. Mgonjwa aliyewekewa plastiki kwa sababu ya jiwe, akapona, akajisahau mwaka mzima, hurudi na stenti iliyozungukwa na jiwe jipya, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mwenye bomba la nje linalopita ubavuni na mfuko anatakiwa kuandika ujazo kila siku. Bomba lisafishwe kwa mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi, kwa upole, bila kuvuta kwa nguvu. Mfuko ukikauka ghafla na homa ikaja, limeziba au limetoka mahali pake. Mfuko ukijaa kupita lita moja, anapoteza chumvi na maji, figo zitafuata. Arudishiwe na apimwe elektroliti.

Karatasi ya kuruhusiwa iwe na vitu vitano, kwa maandishi anayoweza kuyasoma: aina ya stenti, tarehe iliyowekwa, tarehe ya kutolewa, namba ya kupiga, na sentensi hii kwa herufi kubwa: HOMA YENYE KUTETEMEKA, MACHO KURUDI MANJANO, AU CHOO KUPAUKA, NJOO LEO. Tarehe ya kutolewa iandikwe pia kwenye daftari la chumba cha endoskopia, na mtu mmoja mwenye jina awe anapiga simu kila Jumatatu kwa wanaokaribia.